Egzosi ya Daktari wa Meno

Siku ya kwanza aliyoshika mashine ya kuchomelea, kitu pekee ambacho Pindo alifanikiwa kukichomelea ni kiatu chake. Tone la chuma lilidondoka, likapenya juu ya kidole gumba, na mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwenye akili zake timamu, akaruka kwa mguu mmoja kutoka meza ya kazi mpaka kwenye pipa la maji, akiutukana ukoo mzima wa chuma kuanzia msumari mpaka meli. Mjomba wake, mwenye karakana, alizima grenda ili asikose neno.

“Umemaliza?” akauliza.

“Bado.”

“Ukimaliza, shika tena.”

Akamaliza, akashika tena. Safari hii chuma kilikubali. Mstari wenyewe ulikuwa kama uji uliomwagika kwenye ngazi, lakini alipogonga yale maganda meusi kwa nyundo, chini yake pakang'aa, na vipande viwili vya nondo vilikuwa vimekuwa kimoja. Alikivuta. Alikikanyaga. Akakibana kwenye jiliwa na kukining'inia kwa uzito wake wote, ambao si haba. Hakikuachia.

“Mjomba, kimeshika!”

“Ulitaka kifanye nini, kiimbe?”

Mjomba hakuona ajabu yoyote. Pindo ndiye aliyeona, na ili kuelewa kwa nini, lazima ujue alikotoka. Tangu amalize shule alikuwa fundi cherehani, na si wa kubahatisha. Alishona na mama yake katika sebule ya nyumba yao, chumba chenye vyerehani viwili, meza ya pasi, kioo kilichopasuka pembe, na waya uliotundikwa magauni ya wateja kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mgeni akitaka kukaa ilimbidi kwanza apite katikati ya makalio ya watu wasiokuwepo. Kwa miaka kumi na sita Pindo alipachika mikono, akageuza kola, akatoboa matundu ya vifungo, na kila alichoshona kiliishia mahali pamoja: mteja ananenepa, mshono unaachia, kazi inarudi. Siku aliyotumwa kupeleka vitambaa vya viti vya gari kwa mjomba, akamwona mtu akiunganisha chuma na chuma mpaka usijue kimoja kimeanzia wapi, alisahau alichotumwa. Alirudi nyumbani na vitambaa vyote mkononi, jasho linamtoka, macho yanang'aa.

“Mwanangu, una homa?” mama yake akamuuliza.

“Mama, ule mshono hauachii!”

Mama hakufurahi. Alisema amemfundisha binti yake kazi ya kukaa, sasa binti anataka ya kuruka. Baada ya mwezi mmoja nguo zote za Pindo zilikuwa na vitundu vya cheche, na mama akawa anazianika nyuma ya nyumba ili majirani wasione. “Mtu mzima unarudi umetoboka kama chujio. Nikitaka kuchuja tui naweza kukutumia.”

Hilo jina la Pindo alilipata karakana. Ovaroli aliyopewa ilikuwa ya mjomba, ndefu kama pazia la ukumbi. Wenzake wote walikuwa wamekunja zao miguuni na kuzifunga kwa waya. Yeye alikwenda nayo nyumbani, akarudi kesho yake ovaroli ina pindo safi, mshono mmoja, umepigwa pasi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kufikia jioni watatu kati yao walikuwa wamemletea za kwao.

Karakana ilikuwa na pande mbili. Kushoto ni mageti, madirisha na vitanda. Kulia ni magari. Hakukuwa na mstari sakafuni, ila kila mtu aliujua. Upande wa magari walifanya kazi watu wawili tu: mjomba, na fundi mmoja mwembamba aliyeitwa Profesa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kufungua kitabu cha gari katikati, kusoma kurasa mbili, na kubishana na dunia kwa wiki nzima. Pindo alipangiwa mageti. Na geti, jamani, halina siri. Wima, mlalo, wima, mlalo, bawaba, kwaheri. Alitengeneza mageti kwa miezi minane huku shingo imegeukia kulia kama ua la alizeti. Kule vyuma vilipinda. Kule bomba lilizunguka injini likatokea usipotarajia. Mtu analeta gari lililokufa, linaondoka likinguruma na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo duniani kabla ya Jumatatu.

Mara moja waliwahi kumvusha upande. Kulikuwa na gari lililooza sakafu, mjomba akamwambia apime tundu na kukata bati la kuziba. Pindo alipima mara tatu, akakata, bati likakataa kuingia. Lilizidi kila upande. Mjomba akachukua futi, akapima, akamtazama.

“Umeongeza sentimita moja na nusu pande zote nne.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Si nafasi ya mshono?”

Profesa alitoka nje kwenda kuchekea barabarani, maana ndani hapakumtosha. Chuma hakipindwi kikashonewa kwa ndani. Chuma hukutana ukingo kwa ukingo. Kila mtu anajua hilo, isipokuwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuacha nafasi ya mshono. Pindo akarudishwa kwenye mageti na utani wa kutosha mwaka mzima.

Ndipo akaja daktari wa meno.

Daktari huyu kazini kwake ni mtu mpole, wa kuongea polepole, ule upole wa mtu anayejua umefungua mdomo na huwezi kumjibu. Karakana alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa na kigari kidogo cha bluu, milango miwili, alichokinunua akiwa mwanafunzi, na alikuwa ameamua kukiwekea injini kubwa mara mbili ya ile ya zamani. Mjomba alikuwa ameshaifunga. Iliingia, ila kwa kubanwa, kama mtu mnene kwenye kiti cha katikati. Tatizo likabaki egzosi. Moshi unatoka kwenye injini kwa matundu manne, na lazima mabomba manne yaupokee na kuupeleka kwenye bomba moja kubwa. Sasa pale pale mabomba yalipotakiwa kupita, ndipo ulipopita mti wa usukani, ule mhimili unaokwenda kwenye magurudumu. Hakuna egzosi ya dukani ambayo ingeenea. Ilibidi itengenezwe, ipite katikati ya usukani na ubavu wa injini, penye upana wa vidole vitatu.

Profesa alihangaika siku tatu. Alitengeneza kitu kilichofanana na kiti kilichokanyagwa na trela. Kila bomba dogo lilipofika kuingia kwenye ubavu wa lile kubwa, halikukaa: huku limegusa, huku kuna uwazi wa kupitisha kidole. Akawa anasaga kidogo kwa grenda, anajaribu, anasaga, anajaribu, mpaka bomba linaisha.

Pindo alivumilia siku mbili na nusu. Ya tatu akaweka chini geti alilokuwa nalo na kuvuka.

“Prof, huo ni mkono wa shati.”

“Nini?”

“Bomba lako. Ni mkono, na hilo kubwa ndilo kwapa. Unakata ncha ya mkono ikiwa imenyooka, utakaaje begani?”

“Pindo, hapa tunaongelea moshi wa injini. Habari za kwapa kaongee kwenu.”

“Nipe dakika tano.”

“Sina hata mbili.”

“Mpe,” mjomba akasema kutoka chini ya gari. Hawakujua kama anasikia.

Pindo akachana mfuko mtupu wa saruji, akautandaza kwenye meza. Mkono wa shati ukiutandaza, juu haujanyooka: una kilima katikati na mabonde mawili pembeni, na kilima hicho ndicho kinachoufanya ukae begani bila kuvuta. Akapima unene wa bomba dogo, akapima mviringo wa lile kubwa, akapima mlalo wake, akachora kilima na mabonde bila kunyanyua penseli. Akakata karatasi, akaizungusha kwenye bomba, akachora ukingo wake kwa msumari. Kisha grenda. Cheche ziliruka nyuma yake, na mwenyewe alikuwa anapiga mluzi ndani ya barakoa, mluzi unaotoka kama birika.

Akaliweka bomba dogo juu ya ubavu wa lile kubwa.

Likakaa. Profesa akachukua simu, akawasha tochi, akamulika kwa ndani. Hakuna mwanga uliotoka. Akazunguka upande wa pili, akamulika tena. Akaizima tochi taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

“Bahati,” akasema.

“Nikate la pili?”

“Kata tuone.”

La pili likakaa. La tatu likakaa. Kufikia la nne watu wa mageti wote walikuwa wamehamia kulia, na mjomba alikuwa ametoka chini ya gari, mikono kiunoni.

“Sikilizeni,” mjomba akasema. “Daktari anakuja Jumamosi saa sita mchana. Na wewe binti, hii egzosi ni yako kuanzia sasa. Injini ikiwaka bila kuvuja, unahamia huku kwenye magari. Ikivuja, gari naipeleka kwa yule jamaa mwenye karakana barabara ya pili, nimeze aibu yangu. Halafu geti lako liko pale, na sitaki kusikia habari ya mikono wala makwapa mpaka nife.”

Ilikuwa Jumatano. Siku tatu zilizofuata Pindo hakutembea, alikimbia. Alikimbia hata kwenda chooni. Kwanza aliikaza mezani kwa bolti flanji, ule ubapa mrefu wa chuma wenye matundu manne unaokaza mabomba yote ubavuni mwa injini. Akayapanga mabomba juu yake na kuyashikiza kwa vidoa vidogo vya moto, hapa kimoja, pale kimoja, ili yasisogee kabla ya mshono kamili.

“Nimeshapiga bandi,” akatangaza.

“Umepiga nini?”

“Bandi. Ule uzi wa kushikilia kabla hujashona. Nyie mnauitaje?”

Hawakuwa na jina zuri hivyo. Kufikia Alhamisi mchana karakana nzima ilikuwa inapiga bandi, na fundi wa vitanda mwenye misuli kama magunia alisikika akimfokea mwenzake, “Hujapiga bandi, unashona nini?”

Mshono wenyewe aliupiga kwa mashine ya waya, ile inayosukuma waya yenyewe ukibonyeza kitufe. Pindo aliipenda tangu walipokutana. Uzi unatoka, mkono unaongoza, mwendo ni mmoja, usiharakishe, usikawie. Ukikawia unatoboa. Ukiharakisha chuma hakishiki. Hilo mguu wake ulilijua kutoka kwenye pedali ya cherehani kabla kichwa hakijalijua. Mistari ikatoka imepangana kama sarafu zilizolazwa. Hata Profesa alikuwa anakuja kutazama kwa kisingizio cha kutafuta spana, na siku hiyo alitafuta spana ile ile mara sita.

Ijumaa saa tisa alasiri akamaliza duara la mwisho. Hapo ndipo alipoharibu.

Kila fundi wa magari anajua: kitu ulichokichomelea kikiwa kimefungwa, kiache kimefungwa mpaka kipoe. Chuma cha moto kina hila. Ukikifungua mapema, kinajipinda kinavyotaka. Pindo aliambiwa hilo, mara mbili. Lakini fundi cherehani akitoa mkasi kwenye uzi wa mwisho, mkono hausubiri. Nguo inachomolewa, inaning'inizwa, inatazamwa. Mkono wake wenyewe ulishika spana, ukalegeza bolti zote, na akaiinua juu kwa koleo, ingali inatoa moshi, mabomba manne yamejipinda na kukutana kama vidole vya mtu anayeshika kikombe.

“Itazameni!” akapiga kelele. “Jamani, itazameni!”

Wakaitazama. Ilikuwa nzuri. Hakuna aliyewaza kuhusu bolti, hata mjomba, ambaye alikuwa getini anazozana na mtu wa mchanga.

Jumamosi saa nne asubuhi akaipeleka kwenye injini. Ikagusa katikati, pembeni ikakataa. Kila mwisho wa flanji ulikuwa umejiinua, uwazi wa unene wa kucha. Flanji nzima ilikuwa imepinda kama upinde.

Moyo wa Pindo ulishuka mpaka kwenye kile kiatu chenye tundu.

“Uliifungua ikiwa ya moto,” mjomba akasema. Hakuuliza.

“Niliifungua.”

“Nilikwambia?”

“Uliniambia.”

“Haya.” Akajifuta mikono, akatafuta simu mfukoni. “Ngoja nimpigie yule jamaa.”

“Mjomba, saa sita haijafika.”

“Na ikifika?”

“Ikifika, piga. Nitakushikia simu mimi mwenyewe.”

Mjomba akaitazama saa, akairudisha simu mfukoni, ila mkono akauacha humo humo.

Profesa akapendekeza waweke gasketi mbili za kuziba uwazi. Akajijibu mwenyewe kuwa zitaungua siku ya kwanza. Akapendekeza waikaze kwa nguvu mpaka inyooke. Mjomba akasema itakata bolti, na bolti ikikatikia ndani ya injini ya daktari wa meno, nani atawang'olea? Saa nne na nusu ikapita. Pindo aliishika flanji mkononi, akaigeuza, akaitazama kwa jicho moja, na hakuona kitu kwa sababu macho yalikuwa yanataka kulia na yeye alikuwa anayakatalia.

Mama yake ndiye aliyetokea mlangoni saa hiyo, na mkoba mkononi. Pindo alikuwa amesahau miwani ya kusomea nyumbani. Mama hakuwahi kukanyaga karakana tangu binti yake aanze. Aliingia akiwa ameshika gauni lake juu, kama anavuka mto.

“Shikamoo dada,” mjomba akamsalimia.

“Marahaba. Mmemfanya nini mwanangu, mbona amepauka?”

Mama akavaa miwani ile ile aliyoileta, akainama, akaitazama egzosi kwa muda. Alipitisha ukucha juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine, vile anavyopitisha kwenye kazi ya mtu mwingine akitafuta kosa. Hakulipata. Akafika kwenye flanji.

“Kazi safi,” akasema. “Ila hapa mshono umevuta.”

Pindo akainua kichwa. “Umesemaje?”

“Umevuta. Si unaona imejikunja? Kama kola.”

Kama kola! Ukishona kola ya mviringo ukaigeuza, inajikunja, inakataa kulala, kwa sababu ukingo wa ndani umebana. Na mshona kola hafumui. Anachukua mkasi, anaukata ule ukingo vipande vipande, chap, chap, chap, karibu na mshono bila kuugusa, na kola inalala chini kama paka aliyeshiba.

Pindo akachukua grenda.

“Unafanya nini?” mjomba akauliza.

“Naachia mshono.”

“Unakata flanji? Wewe! Saa tano hii!”

“Nakata katikati ya matundu. Kila bomba libaki na flanji yake. Zikiwa nne, kila moja inalala peke yake!”

Mjomba akafungua mdomo. Profesa, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesoma ukurasa unaofaa, akamshika mkono. “Bosi, kuna magari yanatoka kiwandani hivyo. Chuma kikipata joto kinatanuka, ukikiacha kizima kinabanana.”

“Mbona hukusema mapema?”

“Nilikuwa sijakumbuka.”

Grenda ikalia. Mkato wa kwanza ulipokamilika, flanji ikatoa mlio mdogo, ting, na kusogea yenyewe, kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya chakula. Wa pili, ting. Wa tatu. Pindo akapitisha tupa kwenye kila uso, akaipeleka kwenye injini, akaingiza bolti, akakaza kidogo huku, kidogo kule, akirudi mwanzo tena. Mama akashika taa. Alisema hataki mtu mwingine aishike kwa sababu wote wanatetemeka.

Daktari wa meno alifika saa sita kasoro dakika saba, na shati jeupe, mikono imeshikana.

“Fundi, vipi? Tayari?”

“Tunawasha,” mjomba akasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Daktari akaingia garini, akageuza ufunguo. Injini ikaguna. Ikaguna tena. Ikawaka, na karakana nzima ikarudi hatua moja nyuma. Ulikuwa mngurumo mzito, wa chini, uliotikisa mabati ukutani na spana kwenye meza. Moshi ukatoka mwisho wa bomba, pale tu ulipotakiwa. Pindo alichana ukanda mwembamba wa karatasi, akaupeleka kwenye kiungo cha kwanza. Kama kuna pumzi inayotoroka, karatasi itacheza. Haikucheza. Cha pili, imetulia. Cha tatu, imetulia. Kwenye cha nne karatasi ikatikisika, na watu wote wakashika pumzi, mpaka mama akasema, “Ni mkono wako, mwanangu. Pumua.” Akapumua. Karatasi ikatulia kabisa.

“Kanyaga mafuta!” Pindo akapiga kelele.

Daktari akakanyaga. Kigari cha bluu kikanguruma, mbwa wa jirani akakimbia mpaka leo hajulikani alipo, na yule mwanamume mpole, mwenye leseni ukutani na wagonjwa wanaomwogopa, akatoa kichwa dirishani akicheka mdomo wazi mpaka meno ya mwisho. Profesa alimkumbatia fundi wa vitanda. Pindo alirukaruka mahali pamoja, barakoa ikimgonga kichwani, na hakuisikia.

Katikati ya kelele hizo akaingia mwanamke mwenye duka la dawa, aliyekuwa anasubiri geti lake tangu wiki iliyopita.

“Geti langu limefikia wapi?” akamfokea mjomba sikioni.

“Jumanne. Atalimalizia Profesa.”

“Mimi?” Profesa akashtuka.

“Wiki moja tu, mpaka nipate mtu.”

“Nataka alifanye yule dada aliyelianza,” mteja akasema. “Anakata vizuri.”

“Haiwezekani, mama,” mjomba akasema. “Yule yuko kwenye magari.”

Alisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya injini, kwa hiyo wote walisikia. Pindo naye alisikia, ila hakuwa na nafasi ya kujibu. Daktari alikuwa ameshazima gari na kuuliza nani atamtengenezea kipande cha bomba kilichobaki mpaka nyuma, na yeye alikuwa ameshalala chali chini ya kile kigari cha moto, miguu tu nje, anaita kwa sauti aletewe chaki, na haraka, kabla hajasahau alichokiona.